Hii Haijatembea, Mzee

Leo nataka tuizungumzie sifa moja ambayo ukienda kununua pikipiki iliyotumika, iwe Handeni au Korogwe, huku kwetu Tanga, utaisikia kabla hujaonyeshwa hata kadi. Muuzaji anapangusa vumbi kwa kiganja, anakuelekeza kwenye namba za kilomita, anasema: “Hii haijatembea, mzee. Angalia mwenyewe. Ilikuwa ya mwalimu, anaendea kanisani tu.” Kama si mwalimu, ni mhudumu wa zahanati. Kama si mhudumu, ni kijana aliyeko Dar es Salaam ambaye huja sikukuu mbili kwa mwaka na kuondoka. Namba zinasoma elfu nne na kitu, na pikipiki ina miaka sita. Bei inapanda hapo hapo, na mnunuzi anakubali, kwa sababu ile Boxer ya bodaboda iliyosimama pembeni inasoma elfu sitini na kiti chake kimeshonwa mara mbili.

Mimi leo namtetea yule wa elfu sitini.

Sisemi kwamba bodaboda ndiye mtunzaji bora wa vyombo. Wapo wanaotoka Mkata hadi Kabuku na cheni inalia njia nzima, na wapo wanaoongeza oili badala ya kuimwaga. Lakini bodaboda ana kitu ambacho mwalimu wetu hana. Chombo kikimsumbua asubuhi, jioni hakuna hesabu ya kumpelekea bosi. Kwa hiyo ugonjwa unaonekana siku ile ile, na unatafutiwa spea siku ile ile. Pikipiki inayolala haina wa kuilalamikia. Inaharibika polepole, mahali pasipoonekana, na rangi ya tenki inaendelea kung'aa. Siku unayoihitaji, mgonjwa yuko ndani, usiku, mvua inanyesha, ndiyo siku inayokwambia ukweli wote kwa mpigo.

Na hali ya hewa ya kwetu inachangia. Korogwe iko chini, kando ya Mto Pangani, Usambara ikiiegemea, na asubuhi nyingi chuma kinaamka na unyevu. Handeni ni jua na vumbi jekundu, lile vumbi laini linaloingia hata kwenye kabati lililofungwa. Lami ya Korogwe hadi Handeni, kilomita zake 65, imepunguza vumbi kwa wanaokaa kandokando ya barabara, lakini ukikunja kwenda vijijini hadithi ni ile ile. Sehemu moja inashambulia kwa kutu, nyingine kwa joto na vumbi. Chombo kinachotembea kila siku kinaukausha unyevu kwa moto wake chenyewe. Kilichosimama kinaupokea tu.

Tuanze na petroli, maana ndiyo inayotangulia kuharibika. Watu wanadhani petroli ni kitu kimoja. Ni mchanganyiko wa vimiminika vingi. Vingine vyepesi mno, vinaruka hewani hata kwa joto la asubuhi, vingine vizito, vinabaki. Vile vyepesi ndivyo vinavyoisaidia injini iliyolala kushika moto. Ndani ya tenki lililofungwa vizuri, petroli inaweza kukaa miezi mitatu, pengine hata sita, na bado ikafaa. Ila kwenye bakuli la kabureta mna mafuta kidogo sana, na bakuli lile lina njia ya kupumulia. Pale wiki chache zinatosha. Vyepesi vinaondoka, vizito vinaganda, kama maziwa yaliyosahauliwa chini ya sufuria.

Nilikaa siku moja kwa fundi, Manundu, pale Korogwe mjini, ikaletwa pikipiki imebebwa kwenye guta. Mwenyewe alikuwa mama mtu mzima, mstaafu, ameishika kadi mkononi kana kwamba fundi ataihitaji. Plagi ilikuwa nzuri, cheche ilikuwepo, kijana wa gereji akapiga kiki mpaka jasho likamtoka. Haiwaki. Fundi akafungua skrubu za bakuli la kabureta. Harufu iliyotoka haikuwa ya petroli, ilikuwa ya vanishi. Chini kulikuwa na utando wa kahawia ulioshika kweli kweli, na pembeni, penye shaba, chembechembe za kijani. Akachomoa jeti ndogo, akaiinua kwenye jua, akafumba jicho moja. Tundu halikuonekana.

Jeti ile, msikilizaji, tundu lake halifiki hata nusu milimita. Ndiyo inayopitisha mafuta wakati wa kuwasha na wakati injini iko sailensa, yaani inaunguruma bila kuvutwa mafuta. Ikiziba, pikipiki haiwaki, au inawaka ukivuta choki na kuzima ukiirudisha, au inakubali kwenda kwa kasi tu na kila ukisimama inakufa. Kijana akaleta waya wa klachi uliokatika, akaanza kuchomoa uzi mmoja wa chuma azibulie. Fundi akamzuia. “Wa chuma unakwangua. Tundu likipanuka, hii itakunywa mafuta mpaka izikwe.” Akachukua kipande cha waya wa umeme, akatoa uzi mmoja wa shaba, laini, akaulowesha petroli safi, akaingia nao taratibu, akatoa, akapuliza kwa pampu. Akarudia. Safari ya tatu akainua tena kwenye jua, na nikaona kwa macho yangu nukta ya mwanga.

Yule mama alikuwa hajaridhika. “Sasa fundi, imeharibikaje na haijatembea? Kijana wangu huiwasha kila akija.”

“Huja lini, mama?”

“Sikukuu.”

Fundi hakusema neno, aliendelea kusugua bakuli. Na mimi sina la kumlaumu yule mama. Nani aliwahi kumwambia? Duka linalouza pikipiki linakufundisha kubadilisha oili baada ya kilomita kadhaa. Halikuambii la kufanya kama hizo kilomita hazifiki.

Kabla sijaiacha petroli, neno kuhusu ile ya chupa. Vijijini kwetu, ukiacha barabara kuu, mafuta ni ya kupima, yamepangwa kwenye meza kwenye chupa za maji, jua linayapiga tangu asubuhi. Sisemi wauzaji wote ni wadanganyifu. Bila wao pikipiki nyingi zingekuwa zinasukumwa. Uchakachuaji kwa mafuta ya taa ulikuwa balaa la nchi nzima hadi EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ikaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010. Lakini hata petroli halali, ikishapigwa jua kwenye chupa inayopitisha mwanga na kufunguliwa mara kwa mara, imekwisha kupoteza vile vyepesi nilivyovitaja. Kwa anayeendesha leo na kesho haina neno sana. Kwa pikipiki ya kulala, hiyo usiitie. Nenda kituoni.

Sasa wapo watakaosema: mimi yangu naiwasha kila Jumamosi, dakika mbili tatu, naisikia inaunguruma vizuri, nazima. Hao ndio ninaotaka kubishana nao hasa, kwa sababu wanajitahidi, na jitihada yao inawadhuru.

Lita moja ya petroli ikiungua, inazaa karibu lita moja ya maji. Ndiyo, maji. Yanatoka kama mvuke kwenye bomba la moshi, na injini ikiwa na moto wa kutosha huyaoni. Injini ikiwa baridi, mvuke ule unagonga chuma baridi na kugeuka matone. Mengine yanapita pembeni ya pistoni na kushuka kwenye oili, pamoja na petroli ambayo haikuungua. Mengine yanabaki ndani ya bomba, yanakaa humo wiki nzima, na bomba linaliwa kutokea ndani. Ndiyo maana unaona bomba limetoboka upande wa chini na nje lina rangi yake yote. Injini inayoendeshwa nusu saa inayapika maji yale yakatoka. Injini ya dakika mbili inayazalisha na kuyahifadhi. Chungulia kioo cha oili cha pikipiki ya namna hiyo, au fungua kifuniko cha kujazia oili, utaona kitu kama povu la rangi ya maziwa. Siku hiyo usiendelee kuiwasha. Mwaga oili kwanza.

Na stata nayo, kila Jumamosi inavuta umeme mwingi kwenye betri kwa sekunde chache, na hizo dakika mbili za kuunguruma polepole hazirudishi kilichotoka. Kwa hiyo betri inakufa mapema kwa mwenye bidii kuliko kwa mvivu. Kama unaiwasha, ipande. Toka Chanika, pale Handeni mjini, shika barabara ya Korogwe, nenda mpaka injini ichemke sawasawa na oili ipate moto, geuza, rudi. Nusu saa. Ukiwa huna nusu saa, iache ilale.

Betri nyingi za pikipiki zetu ni za risasi na asidi. Zinapoteza chaji zenyewe hata kama hujagusa swichi, na joto linaharakisha: nyuzi kumi za Selsiasi zikiongezeka, upotevu unakaribia kuwa maradufu. Fikiria betri iliyo kwenye banda la bati Handeni mwezi Februari. Fundi mwenye mita atakusomea; volti 12.6 na kuendelea, imejaa. Ikishuka hadi 12 na ikaachwa hivyo kwa wiki kadhaa, chembe ngumu za salfeti zinajijenga kwenye sahani za risasi, na hapo hata ukiichaji usiku kucha itajaa kwa jina tu. Dawa yake ni nyepesi. Chomoa waya wa hasi kwanza, halafu chanya, itoe betri, iweke ndani mahali pa baridi, uichaji kila mwezi. Nyumba nyingi vijijini zina sola siku hizi; ile ile inayochaji simu na kuwasha taa, ikiwa ni ya volti 12 na ina kidhibiti chake cha chaji, inaweza kuiweka hai betri ya pikipiki. Mwenye kiki atasema betri ya nini, napiga kiki. Sawa. Na honi? Na indiketa, unapokata kulia Segera na lori liko nyuma yako?

Naomba sasa nizungumzie wapangaji. Nyigu wa udongo anapenda tundu lolote lenye ukubwa wa kidole au chini yake. Pikipiki iliyosimama mwezi mmoja ina matundu mengi ya namna hiyo: mdomo wa bomba la moshi, mpira wa kupumulia wa injini, njia ya hewa ya filta. Anajenga kwa udongo, unakauka, unakuwa mgumu. Tundu linalonichekesha zaidi ni lile la kifuniko cha tenki, dogo kabisa, vumbi tu linatosha kuliziba. Tundu hilo likiziba, pikipiki inawaka vizuri asubuhi, inakwenda kilomita mbili tatu, inazima. Unasimama, unasubiri, inawaka, inakwenda tena kidogo, inazima. Watu wamebadilishiwa plagi, koili, hata kabureta nzima, na ugonjwa ni pumzi ya tenki. Ikikufanyia hivyo, fungua kifuniko cha tenki hapo hapo barabarani. Ukisikia hewa inavutwa “fyuu”, umeokoa pesa zako.

Panya ni habari nyingine. Mavuno yakiingia, magunia ya mahindi yanawekwa ndani, na pikipiki inawekwa hapo hapo, ndipo penye mlango wa kufunga. Panya anakula mahindi, halafu anatafuta pa kuzalia. Boksi la filta ni chumba kizuri kwake: giza, pakavu, na sponji ya kutandika imo tayari. Waya chini ya kiti anazitafuna tu, sijui kwa raha gani. Kabla ya kuiwasha pikipiki iliyokaa na magunia, fungua boksi la filta kwanza. Ukiiwasha na kiota kimo, injini inavuta manyoya, pamba na makapi ya mahindi. Na kuku je? Kuku akilala juu ya tenki, kinyesi chake kinakula rangi na chuma. Kwa huyo hakuna ufundi, ni kumfukuza na kufunika kwa turubai la kupitisha hewa. Nailoni inayofunga kabisa inatunza unyevu chini yake, afadhali hata shuka kuukuu.

Na kuiweka pikipiki sebuleni, ambako wengi tunaiweka kwa kuogopa wezi, kuna hatari ambayo haizungumzwi. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu ukatokea dirishani, unatambaa sakafuni. Mpira wa mafuta uliopasuka kwa kukaa, koki inayovuja tone moja moja, na jiko la mkaa liko mlango wa pili. Kwa hiyo koki ifungwe, kila siku, bila kuruka. Mpira wa mafuta ukiukunja ukaona mistari ya nyufa, nunua mwingine leo hii. Bei yake ni ndogo mno mbele ya nyumba.

Breki na cheni nitazipitia haraka. Cheni ikikaa bila grisi inashika kutu na kukakamaa maungio, utaiona haizunguki sawasawa. Ilowekwe, isuguliwe, ipakwe. Breki za ngoma hushikana na kutu, utasikia gurudumu linakwama ukisukuma. Nyaya za klachi na breki zitiwe oili. Tairi ndilo nalisimamia kidogo, maana hapa ndipo sifa ya “haijatembea” inapodanganya kuliko kwingine kote. Kashata za tairi ziko zote, nzima, na muuzaji anazipigapiga. Sasa mwambie alipangushe ubavuni. Tairi nyingi zina namba nne za tarehe ya kutengenezwa, ndani ya kiduara kirefu: mbili za wiki, mbili za mwaka. Ikisoma 1416, tairi hilo lilitoka kiwandani wiki ya 14 ya mwaka 2016. Mpira unazeeka kwa jua na hewa hata usipogusa barabara. Libonyeze kwa kidole gumba, utafute nyufa ndogo ndogo kati ya kashata. Likiwa na nyufa, halifai hata kama halijaenda Misima na kurudi. Na kama lilisimama bila upepo kwa miezi, pale lilipobonyea pameshachoka. Ukifika mwendo wa lami utalisikia linadunda.

Haya ya nyumbani tuyaweke kando, tuangalie na zile za kazini, kwa sababu pikipiki zilizolala kwa wingi zaidi si za walimu wastaafu. Pita nyuma ya ofisi, si Tanga tu, popote nchini, utakutana na namba za DFP, yaani za miradi ya wafadhili, majani yamepita kwenye spoku. Yamaha AG100, ile yenye keria mbele na nyuma, iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wa mashamba na inayovumilia karibu kila kitu, utaikuta imeegemea ukuta na kilomita zake bado chache. Mradi uliisha. Fungu la mafuta liliisha na mradi. Mwenye kukabidhiwa alihamishwa, mpya hakukabidhiwa kwa maandishi, kwa hiyo haigusi. Uwani mwa vituo vya polisi ni hivyo hivyo: pikipiki zilizokamatwa, nyingine kwa kosa ambalo faini yake ilikuwa ndogo, zimelala juani hadi thamani yake imeshuka chini ya ile faini.

Hili si la Tanzania peke yake. Mwaka 1988 mwandishi wa habari wa Uingereza, Barry Coleman, na mwendesha pikipiki wa mashindano kutoka Marekani, Randy Mamola, walikwenda Somalia kuona fedha za hisani walizosaidia kuchangisha zinafanya nini. Walichokutana nacho ni pikipiki za kazi za afya zimetupwa, nyingi bado mpya, zimekufa kwa kukosa vitu vidogo na mtu aliyefundishwa kuvibadilisha. Coleman na mkewe Andrea, pamoja na Mamola, ndio walioanzisha shirika la Riders for Health, na majaribio yao ya mwanzo yalifanyika Lesotho mwaka 1991. Walichofanya hakikuwa na maajabu. Mwendeshaji alifundishwa kukagua chombo kila siku kabla ya kupanda, fundi alikuja kwa ratiba hata kama hakuna kilichoharibika, na kipuri kilibadilishwa kabla hakijakatika. Gharama ya kila kilomita ilihesabiwa toka mwanzo, ikatengewa fedha kama ilivyotengewa bei ya kununulia.

Nalitaja hili kwa sababu sisi tumejaliwa kununua. Aprili 2022, Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua ugawaji wa pikipiki za maafisa ugani, karibu 7,000 kwa nchi nzima. Jambo zuri; bwana shamba asiyefika shambani ni bwana ofisi. Lakini pikipiki ya umma haipelekwi chini ya mwembe ikazibuliwe kabureta kwa shilingi elfu chache na maisha yakaendelea. Inataka barua, inataka makadirio, inataka fungu. Ugonjwa wa siku moja unasubiri robo ya mwaka wa fedha, na katika miezi mitatu hiyo ugonjwa unaalika wenzake: betri, tairi, sili za shokapu. Ningekuwa na sauti kwenye kikao cha halmashauri, ningeomba kitu kidogo tu: kila pikipiki iwe na daftari, na mkuu wa idara atie sahihi kila mwezi kwamba imetembea, hata kama ni kilomita ishirini. Afisa akienda likizo ya uzazi au masomoni, atajwe kwa jina nani anabaki nayo. Pikipiki ikikosa mtu, inakufa kabla ya kukosa mafuta.

Sasa kwa wewe ambaye unajua kabisa kwamba yako italala. Pengine unakwenda Dar es Salaam kikazi miezi minne, pengine masika imeingia na njia ya shambani kwako haipitiki. Iendeshe kwanza hadi ipate moto, kisha umwage oili ikiwa bado ya moto, utie mpya. Kwa hizi za mipigo minne tunazozitumia ni lita moja au moja na kidogo. Watu wengi wanamwaga oili siku ya kuiamsha, ni kinyume. Oili chafu ina asidi, na ukiiacha ndani miezi minne ndiyo inayokesha na beringi zako. Jaza tenki mpaka juu kwa petroli ya kituoni, kwa sababu nafasi tupu ndani ya tenki la bati ni nafasi ya unyevu na kutu. Hilo ni kama itakaa kwenye banda la peke yake. Kama inalala mnamolala watu, mwaga tenki lote, ulipanguse kwa oili kidogo ndani, uishi kwa amani. Funga koki, iache iungurume mpaka ijizime yenyewe, halafu legeza skrubu ya chini ya bakuli la kabureta ili tone la mwisho litoke. Simamisha kwa stendi kubwa, magurudumu yasibebe uzito. Ziba mdomo wa bomba la moshi kwa kitambaa, na kitambaa kiwe chekundu na kirefu, uone siku ya kuwasha. Betri itoe.

Siku ya kurudi usiwe na haraka. Anza kwa kutazama: filta, mpira wa mafuta, kitambaa chekundu. Petroli ikiwa na miezi zaidi ya sita, itoe. Ukiinusa utajua, harufu yake inakuwa kali na chachu. Chomoa plagi, tia matone machache ya oili kwenye tundu lake, piga kiki mara kadhaa bila kuwasha, oili ipande kwenye kuta za silinda kabla pistoni haijasugua chuma kikavu. Rudisha plagi, washa, usivute mafuta kwa fujo. Safari ya kwanza zunguka karibu na fundi. Jaribu breki kwenye mwendo wa miguu kabla ya kuzijaribu mbele ya basi la Tanga.

Na wewe mnunuzi niliyeanza na wewe, uliyeambiwa haijatembea. Usimwambie muuzaji saa unayokuja. Ukifika, kabla ya salamu kuisha, weka kiganja karibu na injini. Ukikuta ina moto, imewashwa kabla yako, na kuna sababu. Mwambie utarudi kesho asubuhi. Iwashwe ikiwa baridi, mbele yako, bila choki kushikiliwa na kidole cha mtu. Iache sailensa huku mkipatana bei, uone kama itakaa. Toa kwenye bei yake jozi ya tairi, betri, cheni na oili, kwa sababu utavinunua tu. Muuzaji akikwambia elfu nne ni kilomita chache, mwulize mara ya mwisho aliiendesha lini.

Halafu dai kadi, maana karatasi nazo zinalala. Bima itakuwa imekwisha zamani. Hiyo utakata mpya. Jina lililoandikwa kwenye kadi ndilo la kuangalia. Pikipiki zilizokaa sana kwetu hapa mara nyingi mwenyewe alihama, au alifariki, na anayekuuzia ni shemeji mwenye ufunguo. Kuhamisha umiliki TRA kunamtaka mwenye jina, na kama jina ni la marehemu, anatakiwa msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama. Mpaka msimamizi huyo aonekane na barua yake, pesa ikae mfukoni, hata kama pikipiki inawaka kwa kiki moja.